Fasi Yenye Haiko Fasi: Kumuaga Papa Onésime Mugaruka

Papa Onésime Mugaruka, mwelezaji wetu wa nyota, anastaafu Ijumaa tarehe 26 Juni 2026, baada ya miaka ishirini na mitatu kazini, ishirini na miwili kati yake ya kuzima taa na kuwaambia watu watazame juu. Aliingia katika Jumba hili la Nyota, hapa Forest, Brussels, mwaka 2003. Anaondoka akiwa na miaka sitini na sita, magoti mabovu, sauti ileile, na kabati lenye makoti matatu ambayo hakuna anayejua ni ya nani.

Kurasa za Kifaransa na Kiholanzi za kijitabu hiki zimeandikwa na mkurugenzi wetu, Chloé, na yote yaliyomo ni kweli: nishani ya manispaa, maonyesho ya kupatwa kwa jua, shule zilizopita hapa. Kurasa za Kiswahili nimepewa mimi, Nassoro, fundi wa projekta, kwa kuwa natoka Tanga, na katika jengo hili inaaminika kwamba mtu wa Tanga huzaliwa na kalamu mkononi. Chloé aliniomba kitu chepesi, chenye vichekesho viwili vitatu, kiishe kwa kumtakia mema. Mema nitamtakia. Wepesi nitajitahidi.

Lakini siwezi kuandika habari za mtu huyu nikaruka jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusunusu. Papa Onésime na mkewe, Maman Mauwa, walitoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa mwaka 1996, vita vilipoingia mjini, wakakimbilia msituni. Walitoka watatu. Binti yao, Jémima, alikuwa na miaka minane. Walipotokea upande wa pili wa msitu walikuwa wawili. Tangu hapo Maman Mauwa alikataa matanga yasifanywe. Kwao, kama kwetu, msiba usiokaliwa matanga hauishi: watu hawajakusanyika, jina halijatajwa mbele yao, nyeusi haijavaliwa wala kuvuliwa. Alisema hawezi kumlilia mtoto ambaye hakuna aliyemwona amekufa. Na kwa kuwa mumewe kazi yake ni mbingu, alimwekea sharti. Amwambie kwanza kama ulimwengu una mwisho, naye atajua kama kutafuta kuna mwisho. Hilo ndilo swali mumewe alilokuwa akija nalo kazini kila asubuhi, sisi tukidhani ni mapenzi ya sayansi tu.

Bukavu alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Ubelgiji aliingia mwaka 2001. Shahada yake ilitazamwa, ikagongwa mihuri, ikarudishwa mfukoni. Alipanga vifurushi ghalani, akaogesha wazee katika nyumba ya wazee kule Molenbeek, kisha akaja kwetu kupokea makoti ya wageni. Mwaka uliofuata mwelezaji wa wakati ule alikaukiwa na sauti siku ambayo shule mbili zilikuwa zimeshakaa vitini. Papa Onésime akatundika koti la mwisho, akaingia ukumbini, akazima taa. Hakurudi tena kwenye makoti, na ndiyo maana yale matatu yapo mpaka leo.

Waliowahi kumsikia hawasahau alivyoanza. Hakusema "karibuni kwenye maajabu ya anga" kama ilivyoandikwa kwenye karatasi aliyopewa. Alisema, "Bon, mutulie. Macho itazoea." Basi. Watoto wa mtaa wa Saint-Josse waliokuja wakipigana kwenye ngazi walitulia. Mwalimu wao mmoja alitulia zaidi, akalala, akakoroma mpaka spika zangu zikatetemeka. Papa Onésime hakumwamsha. Aliwaambia watoto kwamba hiyo ndiyo radi ya Jupita inavyosikika kwa mbali. Wiki iliyofuata tulipokea barua ya shule ikiuliza kwa nini watoto wote wameandika kwenye zoezi kwamba Jupita inakoroma.

Vipindi vya Jumapili kwa Kiswahili alivianzisha mwaka 2009, na ni vyake kwa jasho lake. Watu walikuja wakitoka ibadani, na sambusa zilizofungwa kwenye karatasi, na ugomvi wao wa lugha. Wauguzi wa Kenya walimsahihisha ngeli, wamama wa Kivu wakawasahihisha wauguzi adabu. Yeye aliwaacha wamalize, kisha akauliza swali lake la kwanza, lililokuja kuwa kama salamu hapa kwetu: "Fasi iko kama bugali, ama iko kama muchele?"

Fasi, kwa Kiswahili cha kwao, ni mahali, ni nafasi. Alitaka kujua kama hii nafasi tunayotembea ndani yake ni kitu kimoja kisichokatika, unachoweza kukimega na kukimega bila kufika kwenye kimego cha mwisho, au ni punjepunje, na chini kabisa kuna punje isiyogawanyika. Ili kulionyesha hilo alinyanyua viganja viwili, akaviweka mbalimbali, akavisogeza nusu ya umbali uliobaki. Halafu nusu ya nusu. Halafu nusu tena. "Alors, niambieni. Kuko nusu ya mwisho, ama inaendelea tu?" Watu walibishana. Yeye alisema ukweli kila mara: hakuna anayejua, na vyombo vya binadamu havijafika huko chini. Kisha alishusha mikono, na viganja havikugusana hata siku moja. Mimi niliona ni ufundi mzuri wa jukwaani, nikamfungia taa ndogo pale juu ili mikono ionekane vizuri.

Kichekesho nilichoahidi ni hiki. Mwanzoni mwa mwaka 2025 aliandaa mhadhara juu ya swali lake la pili, kama nafasi ina mwisho au haina. Nyumbani angesema fasi. Lakini kwa kuwa tangazo lilikuwa la kubandikwa madukani, Saint-Josse na Molenbeek, aliona aibu, akataka Kiswahili cha suti. Akaitoa fasi, akaweka nafasi, tena kwa wingi, na hakunionyesha. Tangazo aliliandika hivi: "NAFASI HAZINA MWISHO? Njooni Jumapili saa tisa alasiri. Wote wanakaribishwa." Ile alama ya kuuliza ikapotea kwa mchapishaji.

Jumapili hiyo ukumbi ulifurika. Watu walikuwa wamevaa tai. Walikuwa na bahasha. Ilikuwa majira yale ambapo kiwanda cha magari hapa Forest kilikuwa kinafungwa, na nusu ya mtaa ilikuwa inatafuta kazi. Mkenya mmoja, Dan, alisimama kwa heshima zote akauliza, "Samahani mzee, nafasi zenyewe ni ngapi?" Papa Onésime, aliyefurahi sana kuona hadhira imekuja na maswali mazito, alimjibu, "Hatuyui bado. Labda hazina mwisho." Ukumbi ukapiga makofi. Dan akauliza mshahara.

Alipoelewa, uso ulimshuka. Hakumfukuza mtu. Aliwaomba radhi, akawaambia tangazo lilikuwa la anga na siyo la ajira, na mwenye kutaka kuondoka aondoke bila kinyongo. Wachache waliondoka wakisonya, na walikuwa na haki. Waliobaki walisikiliza mhadhara mpaka mwisho, tai na zote, kisha yeye na Rolande, mama wa tiketi, walikaa nao wakiwasahihishia Kifaransa cha barua zao za maombi. Dan ndiye mlinzi wetu wa mlangoni sasa. Kwa hiyo nafasi ilikuwa moja.

Sasa nirudi kwa Maman Mauwa. Alikuja kila Jumapili, safu ya mbele, mkoba magotini, na hakuwahi kutazama juu kwa muda mrefu. Alimtazama mumewe. Waliitana Papa Jémima na Mama Jémima, kama wazazi wa kwao wanavyoitana, na sisi tulijua kwa hiyo kwamba wana mtoto mkubwa mahali fulani. Rolande alikuwa akimuuliza, Jémima hajambo? Papa Onésime alijibu, "Iko njiani." Mwaka baada ya mwaka, iko njiani. Tukawa tunamtania kwamba ubalozi umekalia visa ya huyo binti. Naye alicheka pamoja nasi, Mungu amsamehe, kwa sababu asingecheka ingembidi aeleze.

Siku moja Maman Mauwa alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Papa Jémima, kuko fasi yenye haiko fasi?" Watu walicheka. Mumewe hakucheka. Ni swali ambalo vitabu vinalizunguka kwa kurasa nyingi, na mkewe alilimaliza kwa maneno matano: je, kuna mahali ambapo mahali panakwisha? Ukifika ukingoni mwa ulimwengu ukanyoosha mkono, unaunyoosha wapi?

Alimjibu kwa miaka, kipande kwa kipande, na kila jibu lilikuja na gharama yake. Alipoeleza kwamba huenda ulimwengu una kikomo bila kuwa na ukingo, alitumia chungwa: mdudu anatembea juu ya ganda, hafiki mwisho, lakini akienda mbele tu atarudi alikotoka. Maman Mauwa akasema, "Basi mwenye alipotea atarudia." Jumamosi iliyofuata alikwenda kituo cha treni cha Midi, akasimama kuwatazama wanaoshuka. Akaenda na Jumamosi nyingine. Alikwenda msimu mzima wa baridi, na mumewe akawa anamfuata kwa mbali na termosi ya chai. Chungwa halikutumika tena hapa ukumbini. Lilikauka kwenye droo ya meza yangu mpaka likawa gumu, na sikujua kwa nini hanitumi tena kulileta.

Alipoeleza kwamba vipimo vyote vinaonyesha anga imenyooka, haijikunji popote tunapoweza kuona, na kwamba tunachokiona ni sehemu tu, kwa sababu mwanga wa mbali zaidi haujatufikia, mkewe alimuuliza kama kuna njia ya kungoja huo mwanga. Akamwambia hakuna. Sehemu kubwa ya vilivyopo hatutaviona kamwe, hata tungengoja mpaka nyota zizimike. Hapo Maman Mauwa akafungua mkoba wake na kuufunga.

Yaliyotokea Jumapili moja ya Novemba mwaka jana wengi wenu mliyaona, na kila mtu anayasimulia kwa namna yake, kwa hiyo nayaandika kama nilivyoyaona kutoka chumba cha mitambo. Mgeni wetu alikuwa Ghislain, mtafiti kijana kutoka Lubumbashi anayesomea uzamivu wake wa fizikia hapa Brussels. Kijana mzuri, na alieleza vizuri. Alisema maswali mawili ya Papa Onésime kumbe ni swali moja. Kama nafasi ni punjepunje, kama mchele, basi namna za kupanga vitu ndani ya chumba kimoja, au mji mmoja, ni nyingi mno lakini zina idadi. Na kama ulimwengu hauna mwisho, mipangilio hiyo itakwisha na itabidi irudiwe. Mbali sana kutakuwa na Forest nyingine, na ukumbi mwingine, na watu haohao wamekaa. Kutakuwa pia na miji iliyofanana na hii isipokuwa kwa jambo moja dogo.

Maman Mauwa alisimama, akamwita Ghislain mwanawe. "Mon fils, donc kuko Bukavu ingine?"

"Kama ile hesabu iko sawa, maman, kuko nyingi."

"Na kule, mwenye alinyoosha mukono, alifikisha?"

Ghislain hakujua anaulizwa nini. Alidhani ni mfano. Akatabasamu kwa adabu akasema, "Ndiyo, maman. Kuko kwenye alifikisha."

"Alors, mutoto wangu iko."

Katika miaka yote ile Papa Onésime hakuwa amewahi kuwasha taa katikati ya kipindi. Aliziwasha. Nyota zote zikafutika, tukabaki tunapepesa macho chini ya dari jeupe. Akamwambia mkewe, mbele yetu sote, kwa sauti ileile ya kusema mtulie: "Mama Jémima. Ule mutoto iko na mama yake, na si wewe. Wa kwetu alikuwa mumoja."

Alikuwa. Miaka yote hiyo alisema iko. Rolande aliyesimama mlangoni akaziba mdomo kwa mkono. Maman Mauwa alimtazama mumewe kwa muda, akachukua mkoba, akatoka. Hakuna aliyethubutu kumfuata. Ghislain aliomba radhi mara nyingi, na hakuwa na kosa lolote, na nafurahi kwamba Ijumaa atakuwepo.

Papa Onésime alinieleza baada ya hapo, tukiwa tunakunja nyaya. Kulikuwa na kijito, na gogo la kuvukia, na watu wengi wanasukumana nyuma yao. Alikuwa amemshika Jémima mkono. Mzigo ulimteleza begani, akamwachia mtoto ili auhamishie bega la pili, akarudisha mkono nyuma. "Niligusa vidole yake. Ilibakia kidogo tu, Nassoro. Kidogo." Akaninyooshea viganja vyake viwili, na pengo kati yake. Nilikuwa nimekiona kipimo hicho kila Jumapili. Nilikuwa nimekifungia taa. Siku ile niliifungua, nikaitia kwenye sanduku la vyuma chakavu.

Maman Mauwa hakuja Krismasi wala Januari. Mumewe alikuja kazini kama kawaida, akala chakula chake peke yake kwenye ngazi, akawaambia watoto macho itazoea. Alikonda. Chloé alimpa likizo, hakuichukua. Niliuchukia ulimwengu wake wote wakati ule, uwe na mwisho au usiwe nao, kwa sababu haukuwa na msaada wowote kwa watu wawili wanaokaa nyumba moja bila kusemezana.

Maman Mauwa alirudi mwezi wa Machi, siku ya shule, siyo Jumapili. Aliketi katikati ya watoto na mabegi yao, akasubiri mpaka wametoka. Rolande na mimi tulikuwa tunaokota maganda ya biskuti. Akamuuliza mumewe mara ya mwisho, "Iko na mwisho, ama haina?"

"Siyui, Mama Jémima. Nitakufa sijayua."

"Bon," akasema. "Basi tukae."

Mimi nilikwenda kumvutia kiti, maana nilidhani ametaka kukaa. Rolande ndiye aliyeelewa, akaanza kulia hapohapo na mfuko wa takataka mkononi. Tukae, yaani tukae matanga. Alikubali bila jibu. Alikuwa amengoja kuambiwa mahali ambapo kutafuta kunaisha, na mumewe amekiri kwamba hapajui, na huenda hapapo. Kwa hiyo akapaweka mwenyewe.

Nyumba yao ni ndogo, watu wao ni wengi. Ndiyo maana Papa Onésime alimwendea Chloé na ombi ambalo halimo katika kanuni yoyote ya utumishi: kwamba sherehe ya kumuaga, iliyokwisha kupangiwa keki na maputo, iwe ndiyo matanga ya Jémima. Chloé alikuja kuniuliza kama kwetu inaruhusiwa kuchanganya mambo hayo mawili. Nilimwambia sijawahi kuona. Akapiga simu mwenyewe kufuta maputo. Keki ilikuwa imeshalipiwa, kwa hiyo itakuwepo, na mtaila.

Basi mnaokuja Ijumaa mjue mnakuja kwenye nini. Njooni na mavazi ya msiba. Zawadi hazitakiwi. Chai na maandazi vipo kwa Rolande. Viti vitageuzwa vitazamane, kazi ambayo mimi na Dan tutaifanya kwa kulalamika, maana vilifungwa sakafuni vitazame juu. Binti anaitwa Jémima Nsimire Mugaruka. Baba yake atalitaja jina hilo kwanza, na sisi tutalitaja baada yake.

Nilitaka nami nitoe kitu. Nilimwambia Papa Onésime kwamba projekta inaweza kurudisha anga ya usiku wowote, mahali popote, na kwamba naweza kumwekea ile ya msituni, ya usiku ule, nyota kwa nyota. Alinishika bega. "Ile usiku mvua ilikuwa inanyesha, Nassoro. Hatukuonaka kitu." Kisha akaniomba projekta isiwashwe kabisa.

Kipindi chake cha mwisho cha Kiswahili kilikuwa Jumapili iliyopita. Alinyanyua viganja kama siku zote, bila taa yangu, akavisogeza nusu, na nusu ya nusu, akauliza kama kuna nusu ya mwisho au inaendelea tu. Hakuna aliyebisha safari hii. Maman Mauwa, kutoka kiti chake cha mbele, ndiye aliyemjibu. "Kwetu, ilikuwako." Papa Onésime alitikisa kichwa kukubali, akashusha mikono.

Papa Onésime, kwa niaba ya Chloé, Rolande, Dan na wote waliowahi kutulia gizani kwa sauti yako, tunakushukuru. Ulituambia hujui kila ulipokuwa hujui, hata ilipokugharimu nyumba yako. Wewe na Mama Jémima tunawaombea siku zenye utulivu, magoti yenye huruma, Jumamosi zisizo na kituo cha treni, na usingizi. Nilimuuliza Maman Mauwa, samahani kwa ujasiri, kama baada ya Ijumaa wataendelea kuitana vilevile. Alinishangaa. Akasema, "Sasa nitamuita nani?"

Ijumaa ukifika, mzee wangu, usitafute swichi. Utakuta tumeshawasha.